Kutoka Caravan hadi simuleta ya Boeing 737: wiki mbili za kujiandaa

Swali: Mimi ni rubani wa Cessna 208 Caravan, narusha kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na viwanja vya vumbi vya Serengeti. Nina saa 1,400, karibu zote za injini moja. Nimeitwa kwenye usaili wa shirika lenye Boeing 737-800, na baada ya mahojiano kuna dakika 45 za simuleta, bila otopailoti (mtambo unaorusha ndege wenyewe) wala flaiti dairekta (alama za kwenye skrini zinazomwonyesha rubani aelekeze pua wapi). Jeti sijawahi kuigusa. Nimebakiwa na wiki mbili. Nianzie wapi?

Jibu: Hongera kwa kuitwa. Usianzie kwenye kitabu cha mifumo ya ndege. Watahini wanajua hujasomea 737. Wanachotaka kujua ni kama ukiingizwa kwenye kozi ya ndege hiyo utaimaliza kwa saa za simuleta zilizopangwa, au itabidi wakuongezee. Ndiyo maana kosa moja haliangushi mtu kirahisi. Kinachomwangusha ni kulirudia kosa lilelile baada ya kuelekezwa.

Anzia kwenye namba. Caravan unaweza kuirusha kwa sikio na kwa kutazama nje, lakini jeti inataka uweke mkao wa pua, uweke nguvu, kisha uisubiri kasi ije yenyewe. Kwa 737-800 yenye tani 60 hivi, makadirio ya kukariri ni haya: noti (maili za baharini kwa saa) 250 bila flapsi (vibao vya nyuma ya mbawa), pua nyuzi 4, N1 (kasi ya feni ya injini, ndiyo kipimo cha nguvu) asilimia 60; noti 210 bila flapsi, pua nyuzi 6, N1 asilimia 55 hadi 58; noti 180 na flapsi 5, pua nyuzi 6, N1 asilimia 60; kwenye mteremko wa ILS (mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege hadi njia ya kutua), magurudumu chini na flapsi 30, pua nyuzi 2 na nusu, N1 asilimia 55. Uzito na mwinuko vitazisogeza kidogo. Shirika likikutumia namba zake, hizo ndizo ukariri, hizi zangu uziache.

Wengi wa kutoka ndege ndogo huvurugikiwa hapa: kasi ikipungua noti 5 wanasukuma throtoli (mikono ya nguvu za injini) mbele sana, injini inachelewa kuitikia, wanaongeza tena, na nguvu yote inafika kwa pamoja. Injini za 737 zinaning'inia chini ya mbawa, kwa hiyo nguvu ikija pua nayo inapanda. Sasa mwinuko umeharibika pamoja na kasi. Ongeza asilimia 2 au 3 tu, subiri, kisha rudi kwenye namba yako. Na kila unapobadilisha nguvu, kasi au flapsi, shika pua mahali pake kwanza, halafu trimu, yaani ondoa uzito wa usukani kwa swichi yake, kwa kidole gumba mpaka usukani uwe mwepesi. Usiirushe ndege kwa trimu.

Kupunguza kasi nako kunahitaji kupangwa mapema. Propela ya Caravan ukitoa nguvu inakuwa breki. Jeti inateleza tu. Ukiwa usawa, tenga maili moja ya baharini kwa kila noti 10 unazotaka kupunguza. Usitegemee kushuka na kupunguza kasi kwa wakati mmoja.

Wakati wa kupaa, inua pua taratibu, nyuzi 2 hadi 3 kwa sekunde, hadi 15. Mkia wa 737-800 hugusa lami pua ikifika nyuzi 11 magurudumu yakiwa bado chini, kwa hiyo mkono wa kwenye viwanja vifupi vya vumbi uuache huko. Unapokaribia mwinuko uliopewa, anza kusawazisha kwa sehemu ya kumi ya kasi ya kupanda: ukipanda futi 2,000 kwa dakika, anza zikibaki 200.

Kona kali ya nyuzi 45 karibu haikosekani. Uzito unaobebwa na mbawa huongezeka mara 1.41, kwa hiyo ukipita nyuzi 30 ongeza pua kidogo na N1 asilimia 5 hivi. Kutoka kwenye kona ndiko kunakoumiza watu: wananyoosha mbawa na kusahau kurudisha pua na nguvu, ndege inapanda futi 300. Anza kunyoosha nyuzi 20 kabla ya uelekeo unaoutaka, na rudisha vyote viwili ulivyoongeza.

Kwenye ILS bila flaiti dairekta, jicho likae kwenye mkao wa ndege, litoke kuangalia kitu kimoja, lirudi. Ukishaifuata lokalaiza (wimbi la ILS linaloonyesha mstari wa katikati ya njia), masahihisho yawe ya nyuzi 5 au chini ya hapo. Kasi ya kushuka kwenye mteremko wa nyuzi 3 ni kasi ya ardhini mara 5. Njia ya kurukia ya 05 ya Dar, noti 140 bila upepo, ni futi 700 kwa dakika. Njia ya 06 ya Nairobi iko juu ya futi 5,000, na noti 140 zilezile kwenye kipimo huwa takriban 155 za kweli, yaani futi 775. Mtahini akichagua Nairobi nawe ukang'ang'ania 700, utabaki juu ya mteremko njia nzima. Ukifika futi 1,000 juu ya uwanja ndani ya mawingu hujatulia, ghairi kutua na upae tena bila kuombwa. Hilo linakupa alama.

Udhaifu wako mkubwa, kwa saa ulizonazo, ni injini kuzimika. Miguu yako imezoea injini moja. Injini ya kushoto ikifa, pedali ya mguu wa kulia. Bonyeza mpaka usukani wa mikono ukae katikati, kisha trimu ya mkia. Pua iwe nyuzi 12 au 13, si 15. Magurudumu juu, na zaidi ya hapo usiguse kitu kabla ya futi 400. Hakuna swichi inayozimwa kabla wote wawili hamjathibitisha ni ya injini ipi.

Usirushe kimya kimya. Mwongozo wa ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) wa mwaka 2013 uliorodhesha sifa 8 za rubani, na kurusha kwa mkono ni moja tu. Mgawie mwenzako kazi: redio, cheklisti, hali ya hewa ya uwanja wa akiba. Ukikosea, sema: "Niko chini futi 100, narekebisha." Akikutajia kosa, itikia na urekebishe papo hapo; usijitetee.

Holdingi (mzunguko wa kusubiri angani) ichore kwenye karatasi mara 20 hivi na upepo tofauti mpaka njia ya kuingilia ikujie bila kuhesabu.

Wiki ya kwanza, bandika picha kubwa ya chumba cha marubani ukutani, kaa kwenye kiti, ufanye safari nzima kwa mikono na kwa sauti, dakika 20 asubuhi na jioni. X-Plane, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji, nyumbani inasaidia macho na namba, lakini mkono wa kuchezea una springi, hivyo usijifunzie trimu hapo. Wiki ya pili, lipia saa mbili za simuleta halisi ukiweza, siku nne au tano kabla ya usaili, ukiwa na rubani mwingine kiti cha pili. Siku ya mwisho pumzika.

Ukiingia, rekebisha kiti na pedali mpaka mguu ufike mwisho bila kujinyoosha, tafuta swichi ya trimu kwa kidole, kisha muulize mtahini namba zake za nguvu na nani anashika redio. Watahini wengi hukujibu, kwa hiyo ziandike kwenye karatasi yako ya pajani kabla breki hazijaachiwa.