Tungule Zinaoza Kitako, Mndimu Umepauka

Asalaam aleikum. Nimepanda tungule kwenye ndoo nane uani kwangu. Miche imestawi na maua tele, lakini tunda likikaribia kuiva linafanya doa jeusi kitakoni. Jirani kanambia ni wadudu, nishapiga dawa mara tatu. Mwengine ananambia nitie chokaa. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Michenzani*

Waaleikum salaam. Dawa iweke, mama. Doa linaloanzia kitakoni, mbali na kikonyo, likawa bapa, kavu na gumu kama ngozi, si la mdudu wala si maradhi ya kuambukiza. Ni tunda lililokosa madini ya kalisi (kalsiamu) lilipokuwa dogo. Kwa hiyo jirani wa chokaa yuko karibu na ukweli kuliko yule wa dawa, ila naye kakosea mlango. Udongo wetu wa Zanzibar, hasa uliochotwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa kawaida haukosi kalisi. Kinachokosekana ni maji ya kuifikisha.

Kalisi haitembei peke yake ndani ya mche, hupanda na maji. Ndoo ikikauka mchana mmoja wa kaskazi, majani huvuta kidogo kilichopo na tunda hutoka patupu. Jioni ukimwaga maji mpaka yatiririke, mche utainuka, lakini tunda lile limeshaumia. Doa utaliona baadaye na utadhani limeanza jana.

Ndoo ya lita 20 ni ya mche mmoja. Wakiwa wawili, watagombania maji kila adhuhuri. Toboa kitako matundu sita ya unene wa kalamu. Mwagia lita 2 asubuhi, na siku za jua kali ongeza lita 1 jioni. Lakini kidole kinajua zaidi kuliko kipimo: kichomeke hadi kiungo cha pili, na ukikuta pakavu usisubiri jioni. Funika udongo kwa majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu. Ndoo nyeusi izungushie gunia, maana juani huchemsha mizizi.

Kama unatia yurea au mbolea ya kuku mbichi, pumzika kwanza. Naitrojeni ikizidi, majani hukua kwa fujo na kuvuta maji yote kwao, na yurea yenyewe inapoanza kuvunjika hushindana na kalisi mlangoni mwa mizizi. Tunda lenye doa lichume, kata sehemu mbovu, lililobaki ni la mchuzi. Usilitazamie lipone. Tazama yale yatakayofunga baada ya kurekebisha maji.

Na kama umechanganya usumba kwenye udongo ili ushike unyevu, umefanya vyema, mradi si ule wa makumbi yaliyofukiwa pwani. Huo una chumvi ya bahari. Uroweke maji baridi usiku kucha, umwage, urudie mara tatu.

Mndimu wangu una miaka mitatu. Majani mapya yanatoka ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nimetia samadi na majivu, na kila nikizidisha majivu ndiyo unazidi kupauka. Maji nachota kisimani.
*Msomaji, Jambiani*

Umeeleza vizuri, na hiyo mishipa ya kijani ndiyo jibu. Mti ukikosa naitrojeni, huanza kupauka majani ya zamani, na jani hupauka lote. Ukikosa chuma, huanza machipukizi, mishipa ikabaki kijani. Wako umekosa chuma.

Si kwamba ardhini hakuna. Uko kwenye uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ndiyo yaleyale yanayochomwa kwenye tanuu kupata chokaa. Kwenye udongo wa namna hiyo chuma hujifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Majivu nayo hufanya kazi kama chokaa, kwa hiyo kila kopo ulilotia limekaza kufuli. Yapeleke kwenye choo cha shimo.

Dukani ulizia mbolea ya chuma yenye herufi EDDHA kwenye pakiti. Yenye EDTA ni ya kawaida zaidi, lakini kwenye udongo wa chokaa huvunjika upesi na pesa yako nayo. Koroga kwa kipimo kilichoandikwa, umwagie chini ya ncha za matawi, si shinani. Ukiikosa, salfeti ya chuma kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji, unyunyize majani jioni. Hii hukijanisha pale inapogusa tu, basi utairudia kila machipukizi mapya yakitoka. Usinyunyize karibu na ukuta mweupe, doa lake ni la kutu na halitoki.

Samadi iliyooza endelea nayo, ndoo mbili kabla ya masika na mbili kabla ya vuli, itandazwe na kuachwa shibiri moja kutoka kwenye shina.

Halafu yaonje maji ya kisima. Yakiwa na munyu, na ncha za majani zikiwa zimeungua kahawia, mndimu hauyawezi kwa muda mrefu. Hayo mpe mnazi, ambao haujali. Mndimu uwekee ya mvua au ya mfereji (bomba).

Mbegu za mchicha nimemwaga mara mbili, hakuoti kitu.
*Msomaji, Fuoni*

Ama umezifukia sana, ama zimebebwa na chungu (sisimizi). Changanya mbegu kiganja kimoja na mchanga viganja kumi, nyunyiza kwenye mistari, funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Tandika makuti juu na umwagie juu ya makuti hayo. Siku ya tatu anza kuchungulia. Ukiona shingo nyeupe, yaondoe jioni hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka na kulala.

Tuta langu liko mteremkoni, masika yakija linahamia kwa jirani.
*Msomaji, Wete*

Unalima kufuata mteremko. Geuza tuta liukate, na ukingo wa chini panda mchaichai, shina na shina sentimita 30. Ukishikana, udongo hukwama hapo, nawe una chai.

Machicha ya nazi naweza kuyatia kwenye chungu cha asumini?
*Msomaji, Mkoani*

Mabichi, hapana. Mafuta yake huita chungu na panya, na yakioza hula naitrojeni ya asumini yenyewe. Yatupe kwenye shimo la mboji, fungu moja kwa mafungu matatu ya majani makavu, ugeuze kila wiki.