Dada, nikasomee sanaa za maonyesho?

Binti mmoja wa Mbagala aliyemaliza kidato cha sita ameniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kusomea sanaa za maonyesho, nyumbani wanasema nitakufa njaa. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa na ujumbe wako siku tatu, maana umenigusa penye kidonda.

Mimi niliingia chuo nikitaka kuigiza, basi. Mwaka wa pili tukaandaa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969, ya Vita vya Majimaji. Nilikuwa nimekariri nusu ya kitabu kabla hata ya usaili. Majina yalipobandikwa, langu lilikuwa mwisho kabisa: mkumbushaji. Unakaa pembeni ya jukwaa na kitabu na tochi, anayesahau maneno unamnong'oneza. Nililia kwenye daladala kutoka Ubungo hadi Tabata, na hadi leo naamini mwongozaji hakunitendea haki.

Usiku wa kwanza, Kinjeketile katoka mtoni, kasimama mbele ya watu wake, kanyamaza. Nikadhani kasahau. Nikamnong'oneza, na kwa woga sauti ikatoka kubwa hadi safu ya mbele wakageuka. Kumbe alikuwa anawavuta watazamaji. Nilimwona mabega yakimshuka, nguvu yote aliyoikusanya ikamwagika. Nilisemwa mbele ya wote, maleba yakiwa bado mwilini mwao.

Kuanzia kesho yake nikawa natazama vifua vyao badala ya midomo. Aliyesahau hupumua juu juu, macho yakitafuta pa kushika. Anayenyamaza kwa makusudi pumzi yake inakaa chini, tumboni. Hakuna mhadhara ulionifundisha hilo, na ndilo linalonilisha.

Maana kuigiza hakukunilisha. Kwenye televisheni nilipata sehemu ya jirani mpita njia, na malipo yenyewe sijayaona mpaka leo. Nikaanza kufundisha klabu ya maigizo katika sekondari moja huku Temeke. Ijumaa iliyopita wanafunzi wangu walicheza igizo walilolitunga wenyewe. Binti wa kidato cha pili, mpole kupita kiasi, alisimama "kituoni" na begi lake, akanyamaza. Mwalimu mmoja akainuka kumsaidia. Nikamshika mkono: mwache. Kifua cha yule mtoto kilikuwa kimetulia. Ndipo akasema, "Konda, na mimi nina nauli." Bwalo zima likalipuka. Kila mwanafunzi wa Dar anajua kuachwa kituoni kwa sababu ya sare.

Kwa hiyo nenda kasome, lakini jua unachokifuata. Ukitaka ngoma, sarakasi na jukwaa kwa vitendo, ipo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Ukitaka shahada, yenye nadharia na uongozaji pamoja na kuigiza, ipo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Popote utakapokwenda, omba kazi za gizani: taa, maleba, kukumbusha. Na jifunze kufundisha. Narudia, jifunze kufundisha! Penina Muhando na Amandina Lihamba walikuwa wahadhiri pale Mlimani, lakini walitoka na sanaa yao hadi vijijini, wanakijiji wakaigiza shida zao wenyewe. Tangu 1996 wakaipeleka kwa wasichana wa sekondari kupitia mradi wa Tuseme, watoto wakasema jukwaani yanayowakwamisha shuleni. Hiyo nayo ni sanaa, tena kubwa. Ninyi vijana mnataka kuonekana kabla hamjajua kumsikiliza mwenzenu akipumua. Acheni hayo. Hata mimi yalinichelewesha.

Na hao wa nyumbani usibishane nao. Tunarudia igizo Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, bwalo lile lile. Waje wote, mama akiwa mbele. Nitawashikia viti.