Debe limegoma kushika kutu

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Kuna mgahawa huku Njiro wameweka mlangoni madebe yaliyoshika kutu, ya kizamani kabisa, wamepanda rozimeri na mnanaa. Nikayatamani. Nyumbani nina ndoo ya bati na debe la mafuta ya kula la lita 20. Nimevipaka siki siku tatu mfululizo. Ndoo imefifia na kufanya ukungu mweupe, debe ndiyo kwanza linang'aa. Nakosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Siki haina kosa.

Ndoo yako imepakwa zinki, ileile inayofanya mabati ya paa yakae miaka na miaka. Siki inaila zinki taratibu, ndiyo maana ukaona ukungu. Ioshe, iache hivyohivyo. Ule ukijivu uliofifia ni uzee tosha, na mimi naupenda kuliko kutu.

Debe ni habari nyingine. Hicho ni chuma kilichovikwa utando mwembamba wa madini ya bati (stani, siyo zinki), na nje kuna rangi ya kiwandani. Mpaka uvivue hivyo, utapaka siki hadi Krismasi. Kwanza lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe. Palipobaki mafuta kutu haishiki. Halafu chukua msasa mkavu, ule wa kukwaruza, usugue hadi uone chuma cha kijivu. Usisugue pote sawasawa. Uzee hauji kwa mstari: kazania zaidi kwenye kingo na kwenye maungio, acha vipande vya rangi ya zamani hapa na pale.

Sasa nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Vikombe viwili vya hiyo, vijiko vinne vya chakula vya siki, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Changanyia uani kwenye bakuli lililo wazi, vaa glavu, usifungie mchanganyiko kwenye chupa maana unatoa gesi. Na jiki isisogee karibu kabisa: ikikutana na siki inatoa klorini, hewa ya sumu. Paka kwa brashi debe likiwa juani. Litachemka povu, na kabla hujamaliza kunywa chai litakuwa la rangi ya chungwa. Likikauka, rudia mara tatu nne mpaka rangi ikolee kuwa kahawia. Suuza, likauke siku nzima, kisha pitisha vanishi isiyo na rangi mara mbili, nje tu. Bila vanishi litakupaka kutu kwenye sketi, na mvua ya masika itachora kibaraza chako mistari isiyotoka.

Nikuulize jambo: una hakika debe lilikuwa la mafuta ya kula? Nauliza kwa sababu mimi niliwahi kuokota debe stoo ya nyumbani kwetu, huku Moshi, likiwa na wekundu mzuri wa shaba ndani, nikaona Mungu kanizeeshea bure. Mama akanipokonya. Lilikuwa la kuchanganyia mrututu, yaani salfeti ya shaba, dawa ya kupulizia kahawa. Mrututu ukikaa kwenye chuma huacha shaba. Debe la dawa ya mimea, la rangi au la oili chafu weka maua. Mboga ya kutia mdomoni, hapana.

Kulikata, mpe fundi bati alikate katikati kwa upana, akunje ukingo kwa plaizi usikukate vidole. Giligilani na mnanaa hazihitaji kina cha debe zima. Matundu ya chini, matano au sita, yapigwe kwa msumari kutokea ndani kwenda nje. Ukipiga kutoka nje, mdomo wa tundu unainuka ndani na maji yanatuama. Ndani tandika kiroba kilichotobolewa, udongo usigusane na chuma, kisha jaza udongo na samadi iliyooza, na kiganja cha mchanga kwa rozimeri.

Usiliegemeze ukutani panapopigwa na jua la mchana. Bati linachemka, Februari moja mnanaa wangu uliiva mizizi ndani ya siku mbili, juu ukiwa bado wa kijani. Liweke juu ya matofali mawili, lipate jua la asubuhi.

Mnanaa upe ile ndoo, peke yake, maana hutambaa na kumfukuza kila jirani. Giligilani usihamishe miche. Viringisha mbegu chini ya chupa zipasuke vipande viwili, uzisie humohumo debeni. Na ile nusu ya juu usiitupe. Igeuze kichwa chini: mdomo wa kumiminia mafuta ni tundu la maji tayari.