Samaki wa sentimita 6 alivyonitoa jasho

Jana magharibi kijana mmoja wa hapa Chumbageni, Tanga, kanitumia picha. Tangi la kioo la kufugia samaki wa baharini, lita 120, wiki ya pili tangu litiwe maji, ndani mna kitatange, kangaja wawili na kikande wa ukubwa wa kidole gumba. Chini kaandika: "Shikamoo kaka, mbona hawali?" Marahaba, mdogo wangu. Hawali kwa sababu amonia, sumu ya uchafu wao wenyewe, inawachoma, na huyo kikande anangoja tu apate nguvu awale wenziwe. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, basi someni hapa.

1. Tangi halijapevuka, usitie kitu. Amonia na nitriti, sumu nyingine itokanayo nayo, zisome sifuri kwanza, mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6.

2. Usianze na mkorofi. Hapa niacheni niseme kirefu, maana yalinikuta.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 200. Nikaambiwa wale weusi wenye doa jeupe kwenye paji na moja kila ubavu ni wagumu, hawafi ovyo, wanafaa kufungulia tangi. Nikatia watatu, kila mmoja sentimita 3, wazuri kama vifungo vya koti. Baada ya miezi michache akabaki mmoja, sentimita 6. Nikasema bahati mbaya. Nikaleta jozi ya samaki wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni. Asubuhi dume nimemkuta kabanwa nyuma ya bomba la pampu, mkia umebaki vijiti. Wenyewe tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye tangi langu mwenyeji alikuwa mzima wa afya, mgeni ndiye aliyezikwa.

Nikalaumu maji. Nikalaumu chumvi, nikalaumu umeme uliokatika usiku. Nimebadilisha maji mara tatu wiki moja, na jike naye akaenda. Nilipotia kangaja ndipo nikavuta kigoda, nikakaa na chai yangu kuangalia. Yule mweusi akatoka tunduni, akampiga mgeni ubavuni, akarudi. Akatoka, akapiga, akarudi. Nilipotia mkono, akaniuma na mimi.

Wavu haukufua dafu. Nikatoa jiwe moja baada ya jingine, mchanga ukatimka, uoza mweusi wa chini ukapanda na harufu ya yai viza, maji yakawa kama tui. Matumbawe laini niliyoyalea mwaka mzima yakajikunja, hayakufunguka tena. Tangi likabaki tupu, samaki hayumo! Nikajua karuka, nikamtafuta chini ya kochi. Sikumwona. Nikarudisha mawe, nikalala. Asubuhi yuko pale pale mlangoni kwake. Muda wote alikuwa ndani ya tundu la jiwe, kwenye ndoo nilimoweka mawe, nami nimemrudisha kwa mikono yangu miwili.

Mzee mmoja mvuvi wa Sahare nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Akachukua chupa ya maji, akaikata shingo, akaigeuza ndani, akatia kipande cha nyama ya kamba. Dema, mtego wa samaki! Mimi mtoto wa pwani, babu yangu kasuka madema maisha yake yote, nimebomoa nyumba nzima kwa samaki aliyenaswa kwa dakika ishirini.

3. Kwa hiyo wapole watangulie, wakorofi wafunge mlango. Wenye umbo moja na wanaokula chakula kimoja ndio wanaogombana zaidi. Siku ya kumtia mgeni, panga mawe upya na zima taa.

4. Samaki wa anemoni chukua mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Wote huanza madume, anayetawala hugeuka jike. Ukinunua wakubwa wawili "wapendane", umenunua wake wenza.

5. Karantini wiki 4, yaani mgeni akae kwanza tangi la pembeni. Dawa ya shaba usiitie tangi lenye matumbawe wala kamba, itawaua.

6. Kitatange wengi hula matumbawe. Kikande akikua hula kamba na kaa wako wote. Samaki aliyenaswa na dema la kina kirefu, akivutwa juu haraka, mara nyingi kesha umia tumbo hata kama leo anaogelea. Na msiende kujichotea tu baharini: tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, hapa Tanga, ina sheria zake. (Aliyeniuliza kama silikanti anafugika: mnyama anakaribia mita 2, utamlaza wapi?)

Wewe wa Chumbageni, kikande mtoe leo, mpe mwenye tangi la peke yake. Mimi yule mweusi ninaye bado, kajengewa lake, sasa anakaribia sentimita 12, na kila nikifuta kioo ananifuata kidole. Nilimtumia kijana picha yake ili aogope. Amenijibu sasa hivi: "Mzuri huyo kaka, unamuuza?"