Piano iko kimya kwenye kompyuta? Usimlipe fundi kwanza (P-45 na laptop)

Jambo mdogo wangu wa Goma. Umesema umechomeka piano yako ya umeme, Yamaha P-45, kwenye laptop kwa kebo ya USB, programu ya kurekodi imefunguka, ukipiga unaona vijistari vinatokea, lakini kompyuta haitoi sauti, na fundi amekwambia piano imeungua. Usimpe pesa. Piano yako ni nzima. Mimi napigia korali hapa Kadutu, Bukavu, kwa P-45 kama hiyo, na kimya hicho kilinisumbua juma zima.

Kwenye P-45 kebo ile haibebi sauti hata kidogo. Inabeba MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vinaongea tangu 1983: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, kimeachiliwa lini, pedali iko chini au juu. Ni kama karatasi ya noti: hailii mpaka apatikane wa kuisoma. Vijistari unavyoviona ndizo noti zako, zimefika salama. Kinachokosekana ni piano ndani ya kompyuta. Mimi natumia Salamander, ni ya bure, sauti zake zilirekodiwa kwenye piano kubwa ya Yamaha C5. Faili zake ni nzito, nilizipakua kwa mega za usiku. (Piano nyingine ya Yamaha, P-125, inapitisha na sauti yenyewe kwenye USB, ndiyo maana kwenye video za wenye P-125 mambo yanaonekana mepesi. Yako na yangu hazifanyi hivyo.)

Ukishaiweka, utakutana na tatizo la pili, na hilo ndilo linalowakatisha watu tamaa: unabonyeza, sauti inakuja imechelewa. Kwa wimbo wa taratibu unaweza kuvumilia, lakini kwa sebene, ile sehemu ya kasi, vidole vinapotea kabisa. Kwenye Windows weka ASIO4ALL, programu ndogo inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, ni ya bure, kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu yako upunguze bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa. Hesabu yake ni hii: ukirekodi kwa vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, bafa ya vipimo 2048 peke yake inachelewesha milisekunde 46 hivi. Bafa ya 512 ni karibu 12, ya 128 ni karibu 3. Mimi napigia kwenye 128. Sauti ikianza kukatika-katika, panda 256, na ufunge intaneti na programu nyingine zote. Nikimaliza kurekodi narudi 1024 ili laptop ipumue wakati wa kuchanganya sauti.

Ukisikia kila noti mara mbili, shusha volumu ya piano hadi chini kabisa, usikilize kompyuta peke yake kwa ekutere (vifaa vya masikioni). Kebo iwe fupi kuliko mita 3, ile ya kichwa cha mraba kama ya printa, na iingie moja kwa moja kwenye laptop.

Sasa nikwambie kwa nini naipenda njia hii kuliko ya sauti. Chumba chetu cha mazoezi kina mabati, na mvua ya Bukavu unaijua. Siku moja tulikuwa na saa mbili tu za umeme, mvua ikaanza kupiga, kipaza sauti kikawa hakina kazi. Piano niliirekodi yote mvua ikinyesha, hakuna hata tone lililoingia, maana MIDI haisikii mabati. Juma lililofuata masoprano wakashindwa kufika juu. Nilichagua noti zote, nikazishusha nusu toni mbili, wakaimba vizuri bila mimi kurudia hata mstari. Kosa la mkono wa kushoto nililisahihisha kwa kusogeza noti moja. Ungekuwa umerekodi sauti, ungeanza upya.

Ukitaka sauti halisi ya P-45 yenyewe, njia ni tundu la ekutere kwenda kwenye kadi ya sauti ya nje, kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Usichomeke kwenye tundu la maiki la laptop: mara nyingi ni la mono, na sauti inafika imekwaruza. Kwa njia hiyo mlio wa "zzzz" utausikia sana ukitumia konvertisa (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani). Chomoa chaja ya laptop, urekodi kwa betri, mara nyingi unaisha. Piano haina betri, ikizimika inazimika, kwa hiyo hifadhi kazi kila baada ya ubeti.

Tuambie laptop yako ina RAM kiasi gani na Windows ya ngapi. Kama ni giga 4, kuna Salamander iliyopunguzwa, nitakuelekeza namna ya kuiweka.