Suzuki Swift Sport au Volkswagen Golf GTI ya mkono wa pili?
Kaka, kama unataka raha ya kuendesha bila kufilisika mi nakwambia chukua Swift Sport, ile ya 2012 hadi 2017 hivi, injini ya lita 1.6 haina turbo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), gia sita za mkono, gari jepesi kama tani moja tu yani ukikata kona inafuata mkono wako papo hapo. GTI ya kizazi cha tano ina nguvu kweli, hospawa 200, ila turbo ikianza kusumbua utaisoma namba. Ukienda kuikagua hiyo Swift hakikisha injini imepoa, washa mwenyewe, sikiliza cheni ya ndani ya injini kama inapiga kelele, chomoa stiki ya oili uangalie oili ikoje, gia ya pili ikikwaruza achana nayo. Na tairi za mbele zipapase kwa ndani, zikiwa zimelika huko tu, suspensheni ina neno.