Bango la mkutano wa kutetea samoni: liseme nini, na kwa nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtu wa Mwanza, sasa naishi Richmond, British Columbia, Kanada. Wenzangu kazini wamenialika kwenye mkutano wa hadhara wa kutetea samoni wa asili, mbele ya Bunge la jimbo, Victoria. Nyumbani tunafuga sato kwa vizimba na tunahimizwa tuongeze. Huku vizimba vina kosa gani? Na mimi nisiye raia niende na nini, niandike nini?

JIBU: Marahaba. Tuanze na chawa wa baharini, kwa sababu huko nyumbani hayupo. Ni jamaa wa kaa na kamba, hujibandika kwenye ngozi ya samoni akala ute, ngozi na damu. Maji yasiyo na chumvi humuua, kwa hiyo sato wa ziwani hana habari naye.

Kwa asili, samoni wa Pasifiki hurudi mitoni kiangazi na vuli, wakataga, wakafa. Chawa wao hufia mtoni. Wakati wa baridi pwani hubaki na samoni wakubwa wachache, na vifaranga wanaposhuka baharini mwezi wa tatu na wa nne hukuta maji yana chawa kidogo tu. Kizimba kimeharibu ratiba hiyo. Samaki laki kadhaa hulala palepale baridi yote, chawa jike akiburuta nyuzi mbili za mayai, kila uzi mamia. Maji hupita kwenye nyavu bila kizuizi, na vifaranga hupita kando yake.

Kifaranga wa samoni wa pinki, mmoja wa samoni hao wa Pasifiki, huingia baharini na gramu 0.2 hivi, sentimita 3 na ushee, hana magamba bado. Mweke kiganjani: mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Chawa jike aliyekomaa hufika sentimita 1. Kabla kifaranga hajafika gramu 0.7 hivi, chawa mmoja au wawili wanaweza kummaliza, kwa sababu ngozi ikitoboka mwili unashindwa kuzuia chumvi.

Kanuni ya Kanada inamtaka mfugaji asizidishe wastani wa chawa 3 wanaotembea (waliokua, si wachanga walioganda mahali pamoja) kwa kila samaki, kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Sasa piga hesabu: shamba la samaki 500,000 likiwa na chawa 3 kila mmoja ni chawa milioni moja na nusu, na halijavunja kanuni. Hesabu hiyo ndiyo ningeiweka kwenye bango.

Usiandike kwamba samoni wa kufugwa wanachanganya mbegu na wa Pasifiki. Wengi wanaofugwa huko British Columbia ni wa Atlantiki, jenasi nyingine kabisa, hawazaliani nao. Hofu hiyo ni ya Norwei na Iceland, ambako wa asili nao ni wa Atlantiki. Agosti 2023 samaki karibu 3,500 walitoroka kizimba cha Patreksfjörður, Iceland, na baadhi wakakutwa mitoni. Wala usiandike kwamba wenyeji wa asili wote wanapinga. Mataifa yao mengi yanapinga, lakini taifa moja, Kitasoo Xai'xais, lina mkataba na wafugaji.

Halafu kuna suala la mlango wa kubisha. Tangu Desemba 2010 leseni za ufugaji huo hutolewa na serikali kuu, Ottawa. Jimbo limebaki na upangishaji wa eneo la bahari. Juni 2024 serikali kuu ilitangaza kwamba vizimba vya wazi British Columbia vitakoma ifikapo Juni 30, 2029. Bango linalomlaumu waziri wa jimbo kwa leseni linamlaumu asiyezitoa. Andika tarehe hiyo ya 2029, na umtaje anayetoa leseni: Ottawa.

Bango lenyewe: manila ya sentimita 56 kwa 71 inatosha, na inaingia kwenye basi. Maneno yasizidi saba. Herufi za sentimita 10 husomeka vizuri mita 12 hivi. Ndogo kuliko hapo, wa mbali atapata taabu kuzisoma. Kalamu ya wino wa maji itachuruzika mvua ikinyesha, tumia isiyofutika na ufunike kwa plastiki. Mpini uwe bomba la karatasi ngumu. Wa mbao unaweza kukuletea maswali ya polisi.

Safari: basi 620 toka kituo cha Bridgeport hadi Tsawwassen, kivuko saa 1 na dakika 35 hadi Swartz Bay, kisha basi 70 hadi mjini. Ukienda kwa miguu huna haja ya kuhangaikia nafasi ya gari, ambayo wikiendi ni taabu.

Uraia usikutie hofu: Mkataba wa Haki wa Kanada unampa kila mtu uhuru wa kukusanyika kwa amani. Hata ombi la kielektroniki kwa Bunge la Ottawa husainiwa na raia au mkazi yeyote. Linahitaji saini 500. Likishawasilishwa bungeni na mbunge, serikali ina siku 45 za kujibu. Ukipewa karatasi ya saini pale uwanjani, soma kichwa chake kwanza: iwe imeelekezwa Ottawa.